Sabuni Kwenye Sampo la Baba

Nilikisikia kabla sijakiona: to, kimya kidogo, to, kitu kizito kikidondokea majani makavu ya migomba, na kwa kuwa nilikuwa nimeshika kona ya turubai na sijalifunua gari bado, nikadhani ni kuku wa mama anadonoa. Laiti angekuwa kuku. Nisingekuwa leo nasimulia jinsi nilivyolala chini ya gari mbele ya usharika mzima, gauni la Jumapili limepanda hadi magotini, huku mzee wa kanisa akininadi. Aibu ninayo mpaka leo, ila Machame nzima wanajua, basi na nyie mjue kutoka kwangu mwenyewe.

Gari lilikuwa la marehemu baba, gari dogo jeupe la zamani (sasa lina rangi ya chai), na tangu afariki lilikaa ubavuni mwa banda la ng'ombe. Nilipofungua mlango ikanipokea harufu yake yote, kahawa kavu, sweta lililonyeshewa, maganda ya machungwa. Nilipokuwa mdogo nililala kiti cha nyuma tukitoka Moshi mjini, na bila kufumbua macho nilijua tumekaribia nyumbani, kwa sababu injini ilibadili sauti kwenye kona za mwisho na baridi ya migombani ikaingia dirishani, kisha baba akasema polepole, "Msimwamshe, nitambeba." (Nilikuwa macho. Nilikuwa macho kila siku.)

Sasa mama alitaka kumpa baba mdogo alipeleke kwenye vyuma chakavu.

"Mama, niachie mimi."

"Wewe? Wewe unayeita fundi kubadilisha balbu?"

"Nitalitengeneza."

Mama akaendelea kumenya ndizi, kisha akasema bila kuniangalia, "Haya. Jumapili unipeleke kanisani na unirudishe nyumbani, nimekaa humo humo. Ukiweza ni lako. Ukishindwa, Jumatatu shemeji yangu anakuja kulivuta."

Lile tone lilikuwa linatoka kwenye sampo, lile bakuli la chuma linalobeba oili chini ya injini, ambalo gasketi yake ya kuzuia uvujaji ilikuwa imekauka na kukatika kama ganda la muhogo. Sikuogopa. Jumamosi nikaliinua gari kwa jeki na magogo, nikamwaga oili yote, nikafungua nati moja moja, nikashusha sampo, nikalisugua kwa petroli mpaka likang'aa, halafu nikaanza kuzungusha silikoni ya kuzibia, badala ya gasketi, kwenye kingo zake kwa raha kabisa, nene, kama mtu anayepamba keki ya harusi. Nikafika kona ya mwisho. Silikoni ikaisha.

Hapo ndipo ningeweza kupanda bodaboda nikateremka kununua nyingine. Lakini jua lilikuwa linazama, mikono imejaa oili, na nikakumbuka safari moja ya utotoni tanki la mafuta lilipotoboka njiani, baba akashuka, akakata kipande cha sabuni ya mche, akakikanda kwa vidole, akakibandika, na tukafika nyumbani tukiimba. Basi na mimi nikaenda kwenye karo la kufulia, nikakata sabuni, nikaikanda kama nilivyomwona yeye, nikajaza ile kona, nikarudisha sampo, nikakaza nati, nikatia oili mpya. Nilihisi baba amesimama nyuma yangu anatabasamu. (Ambacho baba hakuwahi kuniambia, na ambacho hata mbuzi angeweza kufikiri, ni kwamba tanki la mafuta ni baridi, na sampo linachemka.)

Jumapili tulipanda kama mabwana. Mama mbele na kitenge chake cha umoja wa wanawake, baba mdogo kajipakia nyuma bila kualikwa, kakunja mikono kama hakimu. Injini ikaguruma ile sauti niliyoijua tangu utotoni, nikaona mama anageukia dirishani na kujifuta jicho kwa ncha ya kilemba. Kwa kiburi sikuegesha chini na wenzangu, nikapandisha hadi kwenye sakafu ya saruji kando ya mlango wa kanisa, alipokuwa akiegesha baba.

Kama hujui ibada za kwetu, nikwambie: asiye na fedha analeta mazao, na baada ya ibada yananadiwa nje. Siku hiyo mikungu ya ndizi, trei za mayai, maziwa na jogoo aliyefungwa miguu vilikuwa vimepangwa kwenye saruji ile ile, upande wa mteremko kutoka gari langu. Wakati sisi tunaimba ndani, sabuni ilikuwa inayeyuka. Na manyunyu yalikuwa yanadondoka. Tulipotoka, mfereji mweusi wenye povu ulikuwa umeteremka kwa adabu mpaka katikati ya sadaka.

Mzee Elirehema, mnadi wetu, hakuuona. Alinyanyua trei ya mayai, akapaza sauti, "Washarika, mayai ya kienyeji haya, nani ananianzia?" akarudi nyuma hatua moja, na miguu ikamtangulia. Mayai yakaruka. Akakaa juu ya mkungu wa ndizi, na mkungu ukateleza naye taratibu, heshima zote, mpaka miguuni kwa kwaya.

"Yeuwiii!" wakapiga kelele akina mama.

Mimi badala ya kwenda kumwinua mzee wa watu nikaruka chini ya gari, na gauni langu, nikaziba ile kona kwa kiganja, kana kwamba kulikuwa kumebaki kitu cha kuokoa.

"Mzee, shikamoo, samahani!" nikaita kutoka kule chini.

"Marahaba!" akajibu, ananyanyuliwa, na nikasikia sauti yake inapata uhai. "Washarika! Mnadani hakibaki kitu. Nina miguu miwili hapa, ya binti, ina viatu! Nani ananianzia?"

Kanisa zima likavunjika mbavu. Vijana wa kwaya wakaanza kupandishiana dau, na katikati ya vicheko nikamsikia baba mdogo akimwita mzee kwa Kichagga, "Nadi na gari kabisa, meku! Chuma hicho mimi nakichukua!" Wengine wakaitikia, gari, gari. Nikazidi kubana kiganja pale, maana mzee Elirehema kwa utani wake aliwahi kunadi hadi koti la mtu.

"Hilo hapana." Ilikuwa sauti ya mama. Sikumwona, niliona viatu vyake tu, vimekanyaga povu. "Gari la mume wangu halikuletwa sadaka. Mayai nalipa mimi. Aikande, mwanangu, toka huko, twende nyumbani."

Oili ilikuwa imekwisha, injini haiwashwi. Vijana wakatusukuma hadi barabarani, na toka hapo tukateremka kwa mteremko tu, migomba inapita pande zote mbili, mimi mweusi mpaka masikioni, nikiapa moyoni kwamba sabuni na mimi tutakutana bafuni tu na si kwingine. Karibu na kwetu barabara inainuka kidogo, na pale gari likaanza kuchoka, likachoka, nikauinamia usukani kama ninayelisukuma kwa kifua, likakunja kuingia kwetu, na likasimama. Pua ilikuwa imepita ua wa masale unaoonyesha mpaka wa kihamba chetu, shamba letu la nyumbani. Mkia ulikuwa nje.

"Shemeji, halijafika hili," alisema baba mdogo kutoka kiti cha nyuma. "Nusu iko barabarani."

Mama aliyatazama masale, kulia, kushoto.

"Wewe uko nusu ya nyuma," alimwambia. "Mimi nilipokaa ni nyumbani."

Akashuka. Mlango ule usipouinua kidogo haushiki, na baba pekee ndiye aliyekuwa akiuweza bila kuubamiza. Mama akauinua kwa vidole viwili, akausukuma kwa nyonga, ukafunga.