Kuchomwa na Kudungwa

Katika Chuo Kikuu cha Utafiti cha Mkwajuni, nje kidogo ya mji wa Kilifi, Jedida Mutuku anajulikana zaidi kama Mama Lebo. Jina hilo alipewa na wafanyakazi wa chumba cha kuoshea vyombo, na yeyote aliyewahi kuacha chupa isiyo na karatasi juu ya meza ya maabara anajua lilitoka wapi. Chupa isiyosema ndani yake mna nini, ni ya nani na iliwekwa lini, Jedida huiondoa, hata ikiwa ya profesa. Profesa akija juu, humwonyesha kanuni, ukurasa na mstari, kwa sauti ile ile ya kumwelekeza mgeni njia ya kwenda msalani.

Kwa maandishi yeye ni afisa wa usalama wa kibayolojia. Jamaa zake wa Mwingi wakimuuliza maana yake, huwaambia kwamba chuoni kuna damu na vijidudu vya kila namna vinavyochunguzwa, na kazi yake ni kuhakikisha haviendi nyumbani na mtu. Kila asubuhi hukagua friji zote na kuandika baridi yake. Hukagua makabati ya vioo yanayovuta hewa. Huhakikisha mifuko ya taka imepita kwenye mashine ya mvuke kabla ya kwenda kuchomwa, na kwamba kila anayegusa damu amepata chanjo zake tatu za homa ya ini. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, na madaftari yake yote yako kwenye rafu, yamepangwa kwa mwezi.

Jambo aliloliona kuwa fahari yake katika miaka hiyo lilikuwa fomu ya ajali. Zamani fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nne, na wafanyakazi wa usafi hawakuijaza kabisa. Mtu alijikata, akafunga kitambaa, akanyamaza. Jedida akaiandika upya kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, akikaa nayo Jumamosi mbili mfululizo. Chini ya "Aina ya ajali" aliweka visanduku vya kutiwa alama: kukatwa, kuchomwa, kumwagikiwa, kudungwa. Fomu zikaanza kuja. Kamati ya usalama ya chuo ikamsifu. Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa Julai, saa tatu na nusu asubuhi, Jedida alikuwa akiandaa jedwali la ajali za miezi mitatu. Alipofika kwenye safu ya kuchomwa akasita. Watu wanne, wote wa chumba cha kuoshea, na mashine ya mvuke ilikuwa mpya, mlango wake haufunguki mpaka ipoe. Hao wanne walikuwa wameungulia wapi? Alikuwa bado ameinamia karatasi, Kahindi, dereva wa gari la taka, akaingia akiwa amekunja mkono wa shati mpaka begani.

"Nitilie tiki, Mama Lebo. Nimetoka kuchomwa sasa hivi kwa Waruguru."

Waruguru alikuwa tabibu wa zahanati ya chuo. Jedida akainua macho. "Waruguru amekuchoma? Amekuchoma na nini?"

"Na sindano, mama. Wadhani na pasi?" Kahindi akacheka. "Chanjo yangu ya tatu. Si wewe uliyenisumbua mwezi mzima?"

Jedida hakucheka. "Kahindi. Sindano ikikuingia, wewe wasema umechomwa?"

"Nisemeje tena?"

"Kudungwa."

"Ah, hilo la kwenu bara. Huku sindano huchoma. Moto nao huunguza." Akamtazama vizuri, na kicheko kikamwisha. "Kwani vipi?"

Jedida alikuwa ameshaichomoa fomu ya mwisho. Ilikuwa ya Sidi, mwoshaji wa zamu ya mchana. Ijumaa, saa nane na dakika arobaini. Alama kwenye kisanduku cha kuchomwa. Kidole gumba cha kushoto. Na chini, kwa mwandiko wa Sidi wa kulala upande: "Nilikuwa nafunga mfuko wa taka za maabara ya damu. Nimeacha damu itoke, nikaosha kwa sabuni na maji mengi."

Aliyeungua haachi damu itoke. Aliyefundisha watu kuosha namna ile ni Jedida mwenyewe, akiwaonyesha mbele ya sinki jinsi ya kushika kidole chini ya maji yanayotiririka. Na Ijumaa jioni alikuwa ameisoma fomu hii kwa haraka, akaona kuchomwa, akaona mashine ya mvuke kichwani mwake, akamtumia Sidi ujumbe wa simu: "Pole sana Sidi. Tia maji baridi, usipake mafuta. Jumatatu pumzika."

Akahesabu kwa vidole, yeye ambaye hahesabu kwa vidole. Mtu akichomwa na sindano yenye damu isiyojulikana, dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi hutakiwa zianze upesi, saa chache tu zikiwezekana. Zikipita saa sabini na mbili, hazitolewi tena. Saa sabini na mbili za Sidi zilikuwa zinakwisha siku hiyo hiyo, saa nane na dakika arobaini mchana.

Akapiga simu. Mteja hapatikani. Akampigia Waruguru, akamweleza kwa maneno machache, Waruguru akasema ataandaa kila kitu na hatafunga kwa chakula cha mchana. Kisha Jedida akamgeukia Kahindi.

"Kwa kina Sidi wapajua?"

"Junju. Nimempeleka mara mbili na gunia la mahindi."

"Tutoe gari."

Kahindi aliendesha bila porojo hadi walipopita daraja la Kilifi, ndipo akasema, "Ni Sidi aliyechomwa, sivyo?" Jedida akaitikia. "Na wewe ukaona ameungua." Akaitikia tena. Kahindi akakaza macho barabarani. "Ungeniuliza," akasema. "Hata mara moja, mama. Mimi nipo pale kila siku."

Walifika Junju saa tano na robo. Boma la kina Sidi lilikuwa ndani kidogo, baada ya shamba la mihogo. Uani alikuwepo Kabibi, mavyaa wake Sidi, yaani mama wa mumewe, akichambua mchicha. Jedida akamwamkia shikamoo, mama akaitika marahaba na kuwaletea viti, akaanza kuuliza habari za Kilifi, moja baada ya moja, za watu na za mvua. Jedida akajibu zote. Aliona aibu kuitazama saa, akaitazama hata hivyo.

"Sidi yuko shambani," Kabibi akasema hatimaye. "Ametenda nini?"

"Hajatenda kitu, mama. Mimi ndiye nimekuja kumwona."

Wakamkuta akipalilia, jembe mkononi, kidole gumba kimefungwa utepe mweupe. Aliwaona akaacha jembe. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye kuzungumza taratibu.

"Mama Lebo mpaka Junju! Mkataba wangu umekatwa?"

"La. Sidi, kile kidole. Ilikuwa sindano?"

"Si niliandika?"

"Uliandika. Mimi nikasoma moto."

Sidi akamtazama Kahindi, kisha Jedida, kama anayengoja mmoja wao acheke. Jedida akaeleza yote pale pale shambani: kisanduku, neno, dawa, saa. Hakuruka chochote.

"Ndiyo maana ukaniambia nisipake mafuta," Sidi akasema pole pole. "Nikajiuliza, nani hupaka mafuta tundu la sindano? Lakini nikasema, Mama Lebo mwenyewe amesema maji baridi. Basi damu ile wameijua, ni safi. Nikalala usingizi. Ijumaa nililala, Jumamosi nililala, na jana nikaenda kanisani."

"Nisamehe."

"Wacha kwanza." Akaketi juu ya tuta. "Dawa hizo ni zile zile wapewazo wagonjwa?"

"Ni zile zile. Kwako ni za kinga, siku ishirini na nane tu. Huenda hata sindano ile haikuwa na kitu. Hatujui, ndiyo maana twakinga."

"Kichupa chake chajulikana, mama. Huyu mavyaa wangu hajui kusoma, lakini kichupa kile anakijua. Jirani anakijua. Mume wangu Masha yuko Malindi kwenye ujenzi, habari itamfikia kabla yangu, na itamfikia imekaa upande. Ishirini na nane si siku chache kwenye nyumba yenye chumba kimoja. Siendi."

"Masha tutamweleza pamoja, mimi na Waruguru, wakati utakaoutaka wewe."

"Na kichupa?"

Jedida alijua Sidi angeomba nini, na kweli akaomba.

"Zitieni kwenye kitu kingine. Kikopo cha vitamini, chochote. Kisicho na jina la dawa."

Kahindi akakohoa na kutazama mihogo. Miaka kumi na mmoja Jedida alikuwa amewaambia watu kwamba dawa haihamishwi chombo chake, na kwamba chombo kisicho na jina ni hatari kuliko chenye jina baya. Alikuwa ameifundisha hiyo kwa picha. Akatazama saa: saa tano na dakika hamsini.

"Nitaandika lebo," akasema mwishowe. "Haiwezi kukosa lebo, Sidi, hilo siliwezi. Nitaandika: Dawa ya Sidi, kidonge kimoja kila jioni, na tarehe ya kwisha. Basi. Jina lake litabaki kwenye jalada la Waruguru, chini ya kufuli."

Sidi akawaza. "Mwandiko wako au wa mashine?"

"Wangu."

"Na karatasi ya kamati. Utaandika nini? Maana sisi wa mkataba tukiumia, husomwa kwamba ni uzembe."

"Nitaandika sindano iliwekwa kwenye mfuko badala ya kisanduku chake, na aliyeiweka si wewe. Nitaandika uliosha sawasawa na ukajaza fomu saa ile ile. Na nitaandika kwamba siku tatu zilizopotea nimezipoteza mimi."

"Kwa jina?"

"Kwa jina."

Sidi akainuka, akajipangusa udongo. "Ngojeni nibadilishe leso," akasema. Kwa Kabibi aliaga kwamba ameitwa kazini, na bibi akamfungia mchicha Jedida wa kuchukua nyumbani, akikataa katakata kusikia kwamba wana haraka.

Zahanati walifika saa saba na nusu. Waruguru akampima damu ya mwanzo, akamweleza habari za kichefuchefu cha siku za kwanza na za kujikinga yeye na mumewe mpaka vipimo vya mwisho. Sidi akameza kidonge cha kwanza saa nane kasoro dakika nane. Akanywa glasi nzima ya maji, akakunja uso.

"Kikubwa," akasema. "Aliyekitengeneza hana koo."

Kahindi ndiye aliyecheka kwanza. Jedida aliandika saa na dakika kwenye jalada.

Juma lile lile aliwaita wale wengine watatu wa safu ya kuchomwa, mmoja mmoja, faraghani. Wawili walikuwa wameungua kweli na pasi ya kufungia mifuko. Wa tatu alikuwa amechomwa na kioo kilichovunjika, safi, kabla hakijatumika. Fomu aliipeleka chumba cha kuoshea kabla ya kuipeleka kamatini, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa huku waoshaji wakibishana kila neno. "Kuingiwa na kitu chenye ncha" lilishinda kwa kura tano kwa mbili, na chini yake wakataka ichorwe picha ya sindano, kwa asiye na muda wa kusoma.

Kamatini, mwenyekiti, Profesa Joram, aliisoma ripoti akavua miwani. "Hapa, Bi. Jedida. 'Kosa la kuchelewa ni langu.' Haifai tukasema changamoto ya lugha?"

"Lugha haikusoma fomu ile, Profesa. Niliisoma mimi."

"Nakulinda wewe."

"Nashukuru. Lakini nimeshamwahidi mtu."

Ripoti ikapita kama ilivyo, na barua ya onyo ikawekwa kwenye faili lake, ya kwanza tangu aajiriwe. Aliipiga chapa ya tarehe ya kupokelewa.

Masha alikuja mwishoni mwa Julai, mtu wa maneno machache. Alisikiliza, akauliza maswali mawili, yote ya maana, akatoka na mkewe. Sidi alimaliza siku zake ishirini na nane. Alipimwa baada ya wiki sita, akapimwa tena baada ya miezi mitatu, na hicho kilikuwa kipimo cha mwisho. Waruguru alisoma jibu, akamgeuzia Sidi karatasi aione mwenyewe: hakuna kitu.

Sidi aliishika kwa mikono miwili muda mrefu. Jedida alikuwa amekaa pembeni na jalada limefunguliwa, kalamu tayari, kwa kuwa jalada la ajali halifungwi bila nambari ya kipimo cha mwisho.

"Mama Lebo," Sidi akasema, akiikunja ile karatasi mara nne. "Wataka kunakili?"

"Nambari tu. Dakika moja."

"Ngoja niende nayo, Masha aione kwanza. Yuko Malindi mpaka Alhamisi. Asione iliyoshikwa na watu wote."

Ilikuwa Jumatatu. Jedida akafunika kalamu.

"Alhamisi," akasema.

Sidi akaitia karatasi ndani ya leso, akafunga fundo, akatoka kwenda chumba cha kuoshea. Jedida akarudi ofisini na lile jalada, akaliweka mezani, wazi.