Uso Mpya wa Gitaa la Solo

Kwenye duka la dobi walimwita Dada Pasi, ingawa alishatimiza miaka sitini na moja, na watoto aliokuwa akiwanyooshea sare za shule siku hizi walimletea suti zao za harusi. Alishinda amesimama kutwa nzima, kisha alirudi nyumbani kumkuta mumewe amelala vilevile alivyomwacha asubuhi.

Mumewe aliwahi kuwa mpiga gitaa la solo kwenye bendi, na jina likamganda: Solo. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mzima wa kushoto, na sasa mgongo ulianza kutoka vidonda. Muuguzi aliyekuja kumtazama hakuficha kitu. Bila godoro la hewa, alisema, vidonda vitafika mfupani.

"Uza gitaa," Solo alimwambia mkewe, maneno yakimtoka kwa taabu kwenye kona ya mdomo. "Ila usikurupuke. Lipimwe kwanza, ujue thamani yake."

Lilikuwa gitaa kavu lisilotumia umeme, la zamani, aliloachiwa na mwalimu wake wa muziki. Miaka yote alijigamba kwamba siku wakikwama kabisa, gitaa hilo litawanunulia kiwanja. Dada Pasi aliitikia tu, akalifunga kwenye shuka.

Fundi wa magitaa alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la viatu. Alilipokea kwa mikono miwili, akasoma karatasi iliyobandikwa ndani ya tundu, na uso wake ukachangamka.

"Mama, hili umelipata wapi? Haya hayatengenezwi tena."

Kisha akawasha tochi, akaingiza kioo kidogo mle ndani, akatazama kwa muda mrefu. Akagonga ubao wa mbele kwa kidole. Akagonga tena.

"Nani alibadilisha uso wa gitaa hili?"

Dada Pasi aliinama, akaanza kuikunja shuka.

"Shingo ni yenyewe, mgongo ni wenyewe," fundi alisema taratibu. "Lakini huu ubao wa mbele ni plaiwudi, ya kutengenezea milango ya kabati. Sauti yote ya gitaa iko hapa mbele, mama. Lingekuwa zima, ungepata kiwanja na tofali za kuanzia. Lilivyo sasa, nitakupa hela ya godoro, na hapo nimekuhurumia."

Dada Pasi aliomba muda wa kufikiri, akaondoka nalo. Hakuwa na haja ya kuuliza nani. Miaka ishirini na sita nyuma, Solo akiwa safarini na bendi kutafuta kazi za muziki, gitaa likiwa nyumbani, jirani alimnong'oneza kwamba mumewe ana mwanamke huko aendako. Dada Pasi alilinyanyua gitaa akalibamiza kwenye ukingo wa kitanda mpaka uso ukapasuka vipande. Hasira zilipomtoka, alilikimbiza kwa seremala wa vitanda, akamsihi alirudishe lilivyokuwa. Lilipakwa rangi, likakauka siku moja kabla Solo hajarudi. Maneno ya jirani yalikuja kujulikana kuwa ni uzushi mtupu. Kuhusu gitaa, alinyamaza.

Solo alikuwa macho alipoingia.

"Amesemaje?"

Angeweza kudanganya. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza yote, tangu jirani hadi seremala, akitazama sakafu. Alipomaliza, mumewe alikuwa anatazama dari.

"Nilibadilisha nyuzi mara tatu," Solo alisema. "Likawa halilii. Nikadhani ni vidole vyangu. Nikadhani mkono umekufa."

Hapo ndipo Dada Pasi alipoelewa. Mwaka uleule Solo aliaga bendi, akasema muziki umemtoka, akaenda kulinda ghala la saruji hadi nywele zikaota mvi. Yeye mkewe alishukuru kimoyomoyo kwamba mume ametulia nyumbani.

"Nisamehe, baba," alisema.

"Huyo mwanamke," Solo aliuliza. "Walisema anaitwa nani?"

"Sikuuliza."

Solo alifumba macho. Machozi yalimtoka jicho moja, lile la upande uliobaki na nguvu, na mkewe aliponyoosha mkono kuyafuta, mumewe aligeuza uso.

Kesho yake gitaa liliuzwa kwa bei ileile ya fundi. Godoro lilikuja, likajazwa hewa, na vidonda viwili vikaanza kufunga. Dada Pasi alimgeuza asubuhi na jioni, akamwosha, akamlisha kwa kijiko. Solo aliomba maji alipotaka maji, akajibu alipoulizwa kama anasikia baridi. Hakumtupia neno baya hata moja, na hakumwita tena mke wangu kama alivyozoea.

Aliishi miezi minne. Alifariki mchana, mkewe akiwa kazini, na jirani ndiye aliyekuja dukani kumwita. Dada Pasi alimsikiliza hadi mwisho, akachomoa pasi ukutani, akalikunja shati la mteja aliloacha nusu, kisha akatafuta viatu vyake.