Sabuni na Shamba la Paa

Jirani yangu wa bustani hapa ughaibuni, Vällingby, mzee mmoja Mganda, amenipa kipande cha sabuni ya waridi. "Kining'inize juu ya maharage yako, mwanangu. Paa hawapendi harufu hiyo."

Nikakinusa, na papo hapo nikamkumbuka baba na shamba lake la kunde.

Lilikuwa pembeni mwa msitu, na hatukuruhusiwa kuchuma hata jani. Lilikuwa la paa. Baba alilipalilia kuliko letu, majani yawe laini, paa wazoee kuja, ndipo siku moja apande kwenye dungu, jukwaa la kuvizia, na upinde wake. Siku tatu kabla ya hapo sote tulioga maji matupu. Mama alinung'unika, "Nyumba nzima tunanuka beberu kwa ajili ya kitoweo."

Mwaka huo baba aliahidi kunipeleka. Kwa furaha nikaoga kisiri kwa sabuni ya shangazi, ya waridi, kisha nikavaa koti kuukuu la baba lililojaa moshi.

Jioni, tukiwa dunguni, paa alitokea, masikio yakicheza. Baba akavuta upinde. Upepo ukageuka, paa akainua pua, akatoweka.

Baba akafunua kola ya koti, akaninusa shingo. Nikangoja kofi.

"Umenukia kama bibi harusi," akasema.

Akanibeba mgongoni hadi nyumbani, akicheka peke yake njia nzima, tukala ugali kwa mlenda.

Sabuni ya yule mzee nimeiogea. Maharage nimewaachia paa.