Jirani Yako Ameshaahidi

Kwa miaka kumi na minne nilipata riziki yangu kwa domo. Kampuni ya sabuni iliniajiri nizunguke Nairobi na gari lenye kipaza sauti, leo Makadara, kesho Kaloleni, keshokutwa Bahati, nikiwashawishi akina mama waache sabuni waliyoizoea wachukue yetu. Sabuni yenyewe haikuwa mbaya wala nzuri. Ilitoa povu. Mengine yote niliyatoa kinywani mwangu, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa hodari.

Kazi ile ilikuwa na kanuni zake, na nyingi nilijifundisha mwenyewe juani. Kwanza, usimwulize mama kama atanunua, maana ukimwuliza hivyo umempa mlango wa kutokea. Mwulize atachukua kipande kimoja au viwili. Akianza kuwaza kimoja au viwili, ameshasahau kwamba hakuwa na haja ya sabuni. Halafu mtie kipande mkononi, akinuse, akigeuze. Kukirudisha ataona haya. Lakini kanuni iliyozishinda zote ilikuwa hii: mwambie jirani yake ameshachukua. Katika zile nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, ambako kamba ya nguo za huyu inapita dirishani pa yule, hakuna mama aliyetaka shuka zake zionekane zimefubaa kando ya shuka za mwenzake. Mara nyingi huyo jirani alikuwa hajanunua chochote. Nilikwenda kwake baadaye nikamwambia maneno yale yale kuhusu wa kwanza. Jioni wote wawili walikuwa na sabuni, na hakuna aliyekuja kuniuliza.

Mimi mwenyewe niliishi chumba kimoja katika estate ya kanjo upande wa Jogoo Road. Mke wangu na watoto walikuwa Murang'a wakilima, nami nilikwenda kuwaona mwisho wa mwezi. Mchana kutwa nilisema na mamia ya watu, kisha nikarudi nikafungua mlango nikakuta kiti, kitanda na sufuria. Redio niliiwasha nikaizima, kwa sababu nayo ilikuwa ikinitangazia sabuni. Watu hawaamini nikiwaambia kwamba mtu anayepiga kelele kwa ajira anaweza kukaa siku tatu bila kuzungumza na mtu. Mimi nilikaa.

Aliyeniokoa na kimya kile alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja, mchonga vinyago kutoka Ukambani, aliyefanya kazi kwenye kibanda kule Gikomba. Kila Jumapili baada ya kanisa mkewe alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na chakula kilipoiva aligonga ukuta mara mbili kwa mwiko. Hapo nilivaa viatu nikaenda. Tulikula, tukataniana, yeye akiwacheka Wagikuyu kwa kupenda biashara, mimi nikiwacheka Wakamba kwa kupenda kucheza ngoma. Mkewe aliniita shemeji. Hayo ndiyo yote niliyokuwa nayo Nairobi, na sikuhitaji zaidi.

Jirani huyo hakuwa na maneno. Ukimwuliza jambo alikaa kwanza, akatazama vidole vyake vilivyojaa vumbi la mbao, ndipo akakujibu, tena kwa ufupi. Lakini bomba la estate lilipokauka miezi miwili na akina mama wakawa wanapanga madebe tangu alfajiri, sisi wenye midomo tulilalamika, yeye akachukua daftari, akapita mlango kwa mlango, watu wakatia sahihi. Kila Jumatatu kabla ya kwenda Gikomba alisimama katika ofisi ya kanjo na lile daftari. Hakugombana na mtu. Alisimama tu hadi wakachoka kumwona, na maji yakarudi.

Kwa hivyo uchaguzi ulipokaribia wazee wa estate wakamwomba agombee udiwani. Mimi ndiye wa kwanza kuambiwa. "Jirani, wananitaka nisimame. Wewe waonaje?" Nikamwambia simama, nitakuwa nyuma yako. Nilisema kwa moyo wote. Hilo nalishikilia hata leo.

Wiki chache baadaye nilikuwa nafanya maonyesho yangu kando ya soko, nikaona bwana mmoja mwenye suti amesimama katikati ya akina mama. Alisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akapiga makofi. Alikuwa tajiri wa vifaa vya ujenzi, na alikuwa akiutaka udiwani ule ule. Alinikaribisha chai na mandazi hotelini. Nilidhani atataka kukodi kipaza sauti. Kumbe alitoa kalamu na karatasi, akasema, "Mwalimu, nieleze. Unafanyaje hata mama anafungua kibeti?"

Watu waliosikia habari hii walidhani nilihongwa. Laiti ningehongwa! Mtu akihongwa angalau anajua alichouza. Mimi nilivishwa kilemba cha ukoka, nikakirekebisha kichwani mwenyewe. Miaka kumi na minne hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nafanyaje. Meneja wangu alitaka kujua katoni ngapi, basi. Huyu tajiri aliniita mwalimu na kuandika kila nilichosema, akinikatiza tu ili nirudie. Nilikwenda hoteli ile mara tano au sita. Nilijua vizuri nani anashindana naye. Nilijiambia maneno ni maneno, hata fundi cherehani humshonea suruali mtu asiyempenda.

Mara ya mwisho alikunja karatasi zake, akaniuliza huku akitabasamu, "Mwalimu, siku ya kura utasimama mbele kabisa ya mstari wangu, au katikati pamoja na watu?"

"Katikati," nikajibu, na tukacheka wote.

Nilikuwa nimefika nyumbani, nimeinjika chai, ndipo nikatambua amenifanya nini. Nilicheka peke yangu mle chumbani, kisha nikaacha kucheka.

Sikuogopa sana, na hapa ndipo kosa langu lilipo, nalo halikuwa langu peke yangu. Sisi watu wa Eastlands tulikuwa tumezoea sanduku la kura. Miaka nenda miaka rudi tulipanda lori la huyu, tukala sukari ya yule, tukaimba jina la yeyote aliyetuletea ngoma, kisha tukaingia nyuma ya pazia na kumpa kura tuliyemtaka. Kuahidi hakukuwa kitu. Ulimwahidi kila mtu, kama unavyomwitikia kila anayekusalimu. Lakini mwaka huo tuliambiwa hakuna karatasi wala sanduku. Mtu atatoka mchana kweupe na kupanga mstari nyuma ya picha ya anayemtaka, naye msimamizi atahesabu vichwa. Tulisikia tangazo hilo, tukalielewa kwa masikio tu. Mimi nilipanga hivi: maneno yangu nimempa tajiri, miguu yangu nitampa jirani.

Vijana wa tajiri wakaanza kupita milangoni. Hawakuuliza mtu kama atamchagua bwana wao. Waliuliza, "Mathe, utakuja line saa mbili ama saa tatu?" Wakamtia mkononi picha ya mgombea. Halafu wakamwambia, "Huyu jirani yako ameshaahidi. Hii mlango ingine pia. Kubaki ni wewe tu." Niliwasikia kupitia dirishani, neno kwa neno, na aibu iliyonishika ilichanganyika na fahari. Nisiseme uongo, fahari ilikuwepo.

Jumapili iliyofuata nilikaa kwa jirani nikila muthokoi. Alikuwa amesumbuka, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akasema, "Wanasema kila mtu ameshaahidi. Sijui wanatoa wapi." Alitafuna kidogo. "Wewe ndiye mtu wa kutangaza. Nifundishe mawili matatu ya kusema pale uwanjani."

Ningeweza kumfundisha. Ningeweza kumwambia, nenda kwa kila mlango usiku wa leo, waulize wenyewe mbele ya jirani zao, uongo wote utakufa kabla ya kura ya keshokutwa. Lakini kumweleza dawa kungekuwa kumweleza ugonjwa ulitoka wapi. Nikasema, "Wewe sema ukweli wako tu. Watu wanakujua." Akaitikia kwa kichwa na kuniongezea chakula. Nilikila chote.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Nilipofika uwanja wa shule mstari wa tajiri ulikuwa umepita magoli na kuanza kujipinda, na vijana waliimba wakiupanga. Upande wa pili mke wa jirani alikuwa amesimama ameshika picha ya mumewe, ile ya pasipoti iliyokuzwa studio hata uso ukawa na ukungu. Jirani alisimama kando yake kwa koti la kanisani. Nyuma yao palikuwa na watu kumi, labda kumi na mmoja.

Nilikutana na mama mmoja wa mlango wa tatu kutoka kwangu, aliyekuwa wa kwanza kutia sahihi katika daftari la maji. Alikuwa kwenye mstari wa tajiri. Nilimwuliza kwa sauti ya chini imekuwaje. "Si nimeambiwa kila mtu wa kwetu yuko huku?" alisema. "Sasa nitasimama kule peke yangu nionekane mjinga?" Mbele yake na nyuma yake niliwaona wengine wa kwetu, kila mmoja akiangalia kisogo cha mwenzake. Walikuwa wamekuja na nia nyingine. Nilijua hivyo kwa jinsi walivyoepa kutazama upande wa pili.

Nilisimama katikati ya uwanja. Kutoka pale hadi kwa jirani palikuwa na hatua arobaini hivi, za vumbi tupu, na kila mtu angeniona nikizipiga. Ningekuwa mtu wa kumi na mbili. Nisingebadilisha matokeo, najua. Lakini yeye hakuwa anasubiri matokeo tena. Alikuwa anaangalia wanaoingia langoni.

"Buda! Mwalimu!" kijana mmoja akapaza sauti, na watu wengi wakageuka. "Place yako hii hapa, katikati, vile ulisema!"

Wakasogea, wakaacha nafasi ya mtu mmoja. Nikaingia.

Jirani aliniona. Alinyanyua mkono akanisalimu kama watu wanavyosalimiana barabarani, kila mmoja na safari yake, nami nikanyanyua wangu. Msimamizi alipita akihesabu, akanigusa begani kwa kalamu, akaendelea.

Jumapili baada ya kura ukuta haukugongwa. Nilikaa nimevaa viatu tangu nitoke kanisani. Ilipofika saa tisa nikatoka, nikamkuta mke wa jirani amekaa nje ya mlango wao akichambua maharagwe kwenye ungo. Jirani alikuwa amekwenda Umoja, kuangalia chumba cha kupanga. Nilianza kujieleza. Nilisema kuhusu kazi, kuhusu wale vijana, kuhusu nafasi waliyoniachia. Mimi, mtu wa kipaza sauti, nilikuwa nikirudia sentensi moja mara tatu.

Aliniacha nimalize. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Shemeji, hakuna aliyekasirika," alisema. "Wale vijana walifika hapa pia, hawakujua ni mlango wa nani. Wakamtajia mume wangu majirani mmoja mmoja, wote wameahidi. Naye akaamini kila jina, akazidi kufa moyo. Alikuwa tayari kwenda kuondoa jina lake. Halafu wakakutaja wewe." Alitoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa. "Akacheka. Walipoondoka akaniambia, hapo ndipo nimejua ni uongo. Kama wanasema hata huyu ameahidi, basi hakuna aliyeahidi, tusimame tu. Ndiyo maana tulikwenda uwanjani."

Aliendelea kuchambua hadi ungo ukawa safi, kisha akaubeba akaingia ndani, na mimi nikaingia kwangu.