Chatu Aliyeingia Kwenye Ramani

Mie kazi yangu kuchimba mashimo ya vyoo, na huku Mabwepande hakuna kilima ambacho sijakitoboa. Nikisema naijua ardhi ya huku, naijua kwa ndani, siyo kama hawa wanaopita juu juu. Ndiyo maana yule sista wa ramani alipofika akauliza nani anayajua mapori na makorongo, mtaa mzima ulininyooshea kidole mie. Na mie nilikuwa nimeshajinyooshea.

Alikuwa kaning'iniza ubao mdogo shingoni, ana penseli za rangi na dira. Akanieleza kuna mashindano yanakuja ya kukimbia porini. Kila mkimbiaji anapewa ramani na dira, anatafuta vibendera vilivyofichwa, na hakuna kuulizia njia.

"Sasa wakipotea?"

"Ndiyo mchezo wenyewe, braza."

"Yaani watu wa mjini wanaamka alfajiri, wanavaa raba, wanakuja Mabwepande kupotea makusudi?"

"Na anayepotea kidogo kuliko wenzake anapewa kikombe."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Mie nilipohamia huku kutoka Manzese nilipotea wiki nzima, sikupewa hata kijiko.

Tukaanza kazi. Yeye anatembea anahesabu hatua, mie natembea naongea, kwa hiyo kila mara anarudi kuanza moja. Akiniuliza tuweke alama gani, namwambia, "Hapa andika kwa mama maandazi."

"Braza, nataka kitu ambacho hakihami."

"Mama huyu hahami! Akihama yeye, mtaa mzima unahama naye."

Akachora jiwe. Jiwe lenyewe la kawaida tu, halijawahi kumlisha mtu.

Akanionyesha vimistari vya kahawia vya mwinuko. Vikiachana, ardhi tambarare. Vikibanana, mlima mkali. Nikamwambia kile kilima cha nyuma ya kwangu avibananishe mpaka karatasi ichanike, maana pale mbuzi wanashuka kwa makalio. Akakipima, akaniangalia.

"Mbona cha kawaida tu?"

"Leo kimetulia," nikasema.

Siku ya tatu tukafika kwenye korongo. Nikasimama.

"Huku hapana, sista. Kuna chatu."

Sasa niseme ukweli. Miaka ya nyuma niliwahi kuteleza pale nikitoka kazini, nikabiringika mpaka chini, suruali ikapasuka, kiatu kimoja kikazama kwenye matope. Mwanaume mzima, fundi wa mashimo, narudije nyumbani kusema nimetumbukia shimoni? Nikamwambia mama watoto kiatu kimechukuliwa na chatu. Mwaka ule chatu alikuwa mnene kama mkono wangu. Mwaka uliofuata, kama nguzo ya umeme. Mpaka sista anafika, chatu wangu akijinyoosha mkia uko Mabwepande, kichwa kinasoma magazeti Bunju. Nilikuwaga namsimulia hadi nikaogopa mwenyewe, nikawa sipiti pale.

Sista hakubisha, mwenyeji kashasema. Akalichora korongo zima kwa mistari myekundu, maana yake hapapitiki. Ng'ambo moja kulikuwa na kibendera, ng'ambo ya pili kingine, na mkimbiaji wa watu sasa itabidi azunguke kilima chote.

Jioni akaniambia kitu kilichonikata maini. Hii ilikuwa ramani yake ya kwanza. Kesho bosi wake anakuja kuipima kwa miguu yake mwenyewe. Ikiwa sawa, mashindano yanafanyika kwetu na yeye ndiye mchora ramani. Ikiwa na uongo, mashindano yanahamia kwingine, naye anarudi ofisini kutoa fotokopi.

"Lakini sina wasiwasi," akasema. "Nilikuwa na wewe."

Siku hiyo ugali ulinikaba mpaka mama watoto akaniuliza kama kuna mfupa ndani.

Saa moja asubuhi nilimkuta juu ya korongo, anakagua mara ya mwisho. Nikafungua mdomo nimwambie. Kabla sijatoa neno, tukasikia mtu anaimba pambio huko chini. Akaibuka mama mmoja wa mtaa wa ng'ambo, mkulima wa mchicha, beseni kichwani, kandambili miguuni, hata jasho hana.

"Shikamoo mama," tukasema.

"Marahaba wanangu. Mbona mmesimama kama mnasubiri kivuko? Piteni, njia nyeupe."

"Na chatu je?" sista akauliza.

"Chatu gani? Mie napita humu kila siku ya Mungu. Nilichowahi kuokota ni kiatu kimoja cha mwanaume. Nimeotesha mnanaa ndani yake."

Sista akanigeukia taratibu kama feni bovu.

"Sista," nikasema, "yule chatu nimemzaa mie mwenyewe."

Nilijua atanipiga na ule ubao. Akaangalia saa.

"Bosi anafika saa tatu. Shuka. Na usiongee!"

Nimechimba kwenye mwamba, nimechimba kwenye maji, lakini kazi ngumu kama kunyamaza masaa mawili sijawahi kuiona. Nilishika kamba ya kupimia, nimebana meno mpaka masikio yanacheza. Yeye akafuta wekundu wote, akachora njia ya mama wa mchicha, akachora sehemu ya majimaji na gogo lililoanguka.

Bosi alikuwa mzee mfupi wa kaptula, maneno hana. Akaenda na ramani mpaka juu ya korongo, akaangalia karatasi, akaangalia chini, akazama. Sie tukamsubiri ng'ambo. Sista anatafuna penseli, mie natafuna kidole. Halafu akaibuka kando kabisa ya kibendera, raba zimejaa matope.

"Njia ipo palepale ulipoichora," akamwambia sista. "Mashindano yanakuja hapa. Ila korongo hujaliandika jina. Wenyeji wanaliitaje?"

Sista akanitazama.

"Korongo la Chatu," nikajibu. Na hapo sikudanganya, mtaa mzima ndivyo tunavyoliita.

Bosi akarudi nyuma hatua moja. "Kuna chatu humo?"

Nikamtazama sista, nikaitazama ramani yake, bado ina vumbi la kifutio.

"Hakuna, mzee. Na hajawahi kuwepo."

Nyuma yangu kikagonga kikombe. Mama watoto alikuwa ndo anafika na birika la chai ya mgeni.

"Na kiatu?" akauliza.

"Kimeota mnanaa."

Akakaa kwenye jiwe, akamimina chai. Tulikuwa watu wanne pale. Vikombe vikajaa vitatu.