Uzi Juu ya Kiwiko

Kule Mugango, Bonifasi alijulikana kwa kushona nyavu. Wavuvi walisema fundo lake halilegei hata litoke ziwani limeoza.

Asubuhi ile mkewe, Matrida, alikuwa akichimba mihogo, nyoka akamgonga kiganja cha kulia. Bonifasi alimkimbilia na uzi wa nyavu, akaufunga juu ya kiwiko, akaukaza kwa meno.

"Umenifunga kama kuku wa mnadani," Matrida alisema.

"Tulia, Mama Hilda. Sumu isipande."

Hakumpeleka hospitali. Alimpakia kwenye bodaboda hadi kwa mganga wa nyoka upande wa Butiama, maana ndiko marehemu baba yake alikotibiwa. Mganga alikuwa msibani. Walimsubiri hadi saa tisa alasiri. Mkono ulivimba, ukageuka rangi ya zambarau, kisha ukapoa. Mara mbili Matrida aliomba uzi ulegezwe, na mara mbili Bonifasi aliukaza zaidi.

Ndipo wakaenda Musoma. Hospitalini tabibu, binti aitwaye Sara, alikagua alama za meno, akapima damu, akabonyeza vidole vilivyokuwa baridi. Dalili ya sumu hakuiona.

"Mwili unajua kugawa damu, baba," alisema taratibu. "Mkono ukifanya kazi, mishipa yake inatanuka, damu inaongezeka. Ukipigwa na baridi, inajibana. Lakini ukiifunga hivi kutwa nzima, haina la kufanya. Nyama ya mkono huu imekufa."

"Mbona wengine nilikuwaga nawafunga hivi hivi?"

"Walipona?"

Bonifasi akamkumbuka Apolinary, aliyekatwa mguu mwaka juzi, na jinsi kijiji kizima, yeye akiwamo, kilivyomlaani nyoka. Uzi ule nao alikuwa ameufunga yeye. Akakaa sakafuni.

Muuguzi alileta karatasi ya kukubali mkono ukatwe. Bonifasi aliipokea, akaisoma, akaisoma tena. Kalamu ilimshinda.

"Lete huku," Matrida alisema kutoka kitandani. "Mkono ni wangu."

"Mama Hilda, mimi ndiye..."

"Najua. Nishikie karatasi."

Alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Bonifasi akaikandamiza karatasi isiteleze, uso kaugeuzia ukutani. Herufi ya kwanza ilichukua muda mrefu, ikatoka imepinda kama ya mtoto wa chekechea. Matrida akapumzika kidogo, akaanza ya pili.