Utando wa Baba

Baba yangu hakuwa mtu wa kupuliza uji. Kwetu Nyarero, mzee wa rika lake akionekana anapuliza kikombe, wenzake watamcheka mpaka jioni. Kwa hiyo uji wa wimbi uliotoka motoni aliumeza hivyo hivyo, machozi yakimlenga, kisha akalalamika kwamba umepoa. Sisi watoto tulimwona shujaa. Nimekuja kuwa muuguzi, nafanya kazi katika zahanati upande wa Robanda, na bado nilimwona shujaa. Naona aibu kulisema hilo.

Mwaka juzi mama alinipigia simu akasema baba hawezi tena kula ugali bila kuusukuma kwa maji, tonge linamsimamia kifuani. Nilijua inaweza kuwa nini. Nimeshawapokea wazee wanaofika wakati hata maji hayapiti, na kazi yangu ikabaki kuwashika mkono. Niliomba ruhusa, nikampeleka baba hospitali kubwa, wakamwingiza ule mpira wenye kamera, wakachukua kinyama kidogo cha kupima. Siku za kungoja majibu nilikuwa mkali kwa kila mtu, mpaka mfagizi wa zahanati akawa ananipitia mbali.

Majibu nilikwenda kuyachukua peke yangu. Haikuwa saratani. Daktari alinieleza kwamba utando wa umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, umechubuka na kuvimba kwa sababu ya vitu vya moto. Akiacha utapona. Akiendelea, saratani yenyewe inaweza kupata pa kuanzia. Nilitoka nje nikampigia baba simu huku nacheka peke yangu. Nikamwambia, "Si saratani, baba. Ni utando tu wa umio. Na vitu vya moto..." Mtandao ukakata. Nilipompata tena, alisema ameelewa, ameelewa kabisa, nisimalize salio. Nikarudi kazini nimeridhika.

Kumbe kwa baba utando ni ule wa buibui darini, au ule unaofunika jicho la ng'ombe mgonjwa. Ni kitu cha kuondolewa. Alichosikia ni kwamba ndani yake kuna uchafu umetanda, na dawa yake ni vitu vya moto. Baada ya wiki tano nilifika nyumbani nikamkuta amekonda, shati linamning'inia. Kila asubuhi, kabla ya uji, alikuwa anameza kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka. Mama ndiye aliyekuwa anamchemshia, tena kwa moyo wote, kwa sababu ni dawa iliyoagizwa na mtoto wao muuguzi.

Nikampandishia baba sauti. Kwetu hilo halifanywi, na nilipomaliza nilitamani ardhi inimeze. Yeye hakukasirika. Alitazama chini tu, akaniuliza kwa upole kama basi nilimdanganya kwenye simu. Hasira yote ikaniishia, nikabaki na aibu. Miaka yote ya chuo, na nilishindwa kumweleza baba yangu kitu kilichomo kifuani mwake.

Kesho yake ilikuwa siku ya gulio. Nilimwomba mchinjaji umio wa ng'ombe, nikauosha, nikauweka kwenye sinia mbele ya baba. Hakuna mtu pale kijijini anayechuna ng'ombe kama yeye, kwa hiyo nilimpa kisu aupasue mwenyewe. Aliupasua kwa urefu, akapitisha kidole gumba upande wa ndani. Nikamwambia huo ndio utando. Ni ngozi ya ndani, imepangwa tabaka juu ya tabaka. Chakula kikipita kinakwangua la juu, na yaliyo chini yanapanda kuziba nafasi, kila siku, hata ukiwa umelala. Mate na ute vinailainisha ngozi hiyo na kuosha asidi ya tumbo inapopanda. Vijidudu na sumu vikija vinakuta ukuta. Wa ng'ombe ni mgumu kwa sababu ya majani makavu, wa mtu ni laini. Ukiuunguza kila siku, matabaka ya chini hayapati muda wa kupanda, yanakurupuka, na yakikurupuka yanaweza kukosea, na hapo ndipo saratani huanzia.

Kidole chake kilikuwa bado juu ya ile nyama.

"Kwa hiyo nilikuwa najichuna mwenyewe," akasema, "nami niko hai."

"Ndiyo, baba."

"Itaota tena?"

Nikamwambia itaota, akiiacha itulie. Mama, aliyekuwa mlangoni, aliingia ndani akamwaga maji yaliyokuwa jikoni.

Miezi mitatu baadaye tulirudi kwa yule daktari. Ugali ulikuwa unapita vizuri na shati lilikuwa limeanza kumkaa, lakini sikuwa na usingizi mpaka kamera iingie. Kipimo kilipokwisha, baba aliomba aone picha. Daktari akamgeuzia kioo cha kompyuta. Ndani palikuwa pekundu-peupe, panang'aa kwa unyevu, hapana jeraha. Baba alipatazama muda mrefu.

"Miaka yote hii utando huu ulikuwa unanishona," akaniambia, "na mimi nauunguza. Haukuniacha."

Nikalia palepale mbele ya daktari, na sikujali.